Majivu ya Mkoma

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na Garissa nzima ikaamka na njaa. Hotelini viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, wauza chai wamelala, na hata korongo wa jalalani, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaogombania matumbo ya mbuzi tangu alfajiri, walikuwa wamesimama tu juani, hawana la kufanya.

Nyuma ya kanisa la Waanglikana, Mghoi alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria kuukuu akichoma misalaba.

Mtu asiyejua angepiga yowe kumwona. Lakini ile ilikuwa misalaba midogo ya majani ya mkoma, mti wa jamii ya mitende, inayogawiwa Jumapili ya Mitende. Waumini huenda nayo nyumbani, wakaichomeka nyuma ya mlango au juu ya fremu ya picha ya harusi, ikakaa hapo mwaka mzima ikikusanya vumbi. Kwaresima ikikaribia huirudisha kanisani, ikachomwa, na majivu yake ndiyo wanayopakwa Jumatano ya Majivu. Shangwe ya mwaka jana inakuwa toba ya mwaka huu. Mghoi aliupenda mpango huo, kwa sababu haukupoteza kitu, na yeye alilelewa na mama asiyetupa hata ganda la ndizi.

Safari hii misalaba iliyorudi ilikuwa michache ya kusikitisha. Walioondoka nayo walikuwa wamehamishwa: mwalimu huyu kapelekwa Voi, karani yule kaomba mwenyewe kwenda kokote kule kusiko na vizuizi vya barabarani, na mwingine aliaga Jumapili moja kwamba anakwenda likizo, na hadi leo yuko likizo. Msalaba mmoja Mghoi aliukuta umesukumwa chini ya mlango wa kanisa. Hakujua ni wa nani, akauchoma pamoja na ile mingine.

Aliyachunga majivu kwa kichungio cha chai, akayatia mafuta ya simsim kidogo, akayakoroga kwa kidole. Hapo zamani kasisi mmoja mgeni aliyakoroga kwa maji. Majivu yalipokutana na maji yakawa magadi, na waumini wakakaa ibada nzima wakipuliza mapaji ya nyuso zao kama watu waliomwagikiwa uji. Mghoi ndiye aliyewapaka dawa, kwa kuwa alikuwa muuguzi.

Alikuwa Mtaita wa Wundanyi, mjane, muuguzi wa siku nyingi katika mji huu, na msomaji wa kanisa, yaani mtu asiye kasisi aliyepewa ruhusa ya kuongoza sala kasisi asipokuwepo. Na kasisi alikuwa hayupo mara nyingi kuliko alivyokuwepo. Mwisho wa mwezi Mghoi alikuwa anastaafu, anarudi kwao milimani kwenye ukungu na migomba. Nani angemrithi kanisani hakujua, na askofu naye, alipoulizwa, alisema tuombe. Mghoi alikuwa ameomba. Sasa alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa umekaa mabegani, ukaingia magotini, siku hizi ulikuwa hata kwenye sauti anapoimba zaburi.

Simu ilimlilia mfukoni. Alikuwa kasisi.

"Bwana asifiwe, Mama Mghoi."

"Amina, Kasisi. Umefika wapi?"

"Sijafika popote. Gari limetuharibikia huku Ukasi, fundi anasema kesho. Wewe endelea na ibada." Akashusha sauti. "Na mama, kiganjani, eh? Kama kawaida yetu."

"Kama kawaida, Kasisi," alisema Mghoi, na akajua kwamba amemdanganya mtumishi wa Mungu siku ya kuanza toba.

Hilo la kiganjani lilikuwa na historia. Hapo awali walipakwa majivu kwenye paji la uso, alama ya msalaba, kama Waanglikana wenzao kokote. Kisha ukaja mwaka ule mbaya ambao watu wa Garissa, Waislamu kwa Wakristo, hawautaji kwa jina, na wakiutaja huangalia chini. Watu waliulizwa dini zao kabla ya kuuawa. Kwaresima iliyofuata, kasisi wa wakati huo aliamua kwamba majivu yapakwe kiganjani, mahali ambapo mtu anaweza kukunja vidole akaenda zake. Hakuna aliyembishia. Mghoi mwenyewe alishukuru.

Mwadime, mumewe, hakushukuru. "Msalaba wa kukunjia ngumi," alisema, "unamficha nani? Mungu ameshauona." Mwadime hakuwa mtu wa fujo, alikuwa fundi wa pampu za maji, mpole mpaka wateja wakasahau kumshukuru. Lakini kwa jambo hilo alikaza shingo. Jumatano ya Majivu yake ya mwisho, tayari figo zimemchosha, alikwenda mbele pamoja na mkewe, akaona kasisi ananyoosha kidole kuelekea kiganja chake, akatikisa kichwa na kurudi kitini bila kitu. Mghoi alinyoosha mkono wake, akapakwa, akaukunja. Walirudi nyumbani kimya, mmoja ana majivu yaliyofichwa na mwingine hana kabisa. Kabla ya Pasaka Mwadime alikuwa kaburini, na Mghoi hajawahi kuisahau ile njia ya kurudi.

Basi alichokitaka sasa kilikuwa kidogo tu. Alitaka, mara hii moja kabla hajaondoka, ayabebe majivu usoni kutoka kanisani mpaka nyumbani kwake mtaa wa Iftin, mchana kweupe, kama alivyotaka mumewe. Usimwite shujaa. Aliogopa vilevile kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa amechoka kuficha, na kuficha, asikudanganye mtu, kunachosha kuliko zamu ya usiku wodini.

Alasiri alivaa kanzu yake nyeupe, akaivika meza ya Bwana kitambaa cha zambarau, rangi ya toba, ambacho upande wa dirishani kilikuwa kimepauka hadi kuwa waridi. Msalaba wa ukutani aliufunika kwa kitambaa cha rangi hiyohiyo, kwa maana hadi Pasaka macho nayo yanafunga. Maua hayakuwekwa, ingawa Garissa hata nje ya Kwaresima mtu hukosa ua la kuweka. Kisha akaigeuza mishumaa. Kwa joto la huku mshumaa hausimami wima, huinama polepole kama msikilizaji anayesinzia, kwa hiyo kila siku lazima uugeuze uinamie upande wa pili. Kazi hiyo hakuna chuo kinachoifundisha, na Mghoi aliifanya huku akifikiri ni nani atakayeigeuza mwezi ujao.

Waumini walikuja wachache, wakakaa mbalimbali, wakaliacha kanisa lionekane tupu zaidi ya lilivyokuwa. Haleluya haikuimbwa, hiyo nayo hunyamazishwa mpaka Pasaka. Somo la Injili lilikuwa lilelile la kila mwaka, linalowaambia wanaofunga wanawe nyuso zao wasijionyeshe kwa watu. Mghoi alilisoma akitamani kucheka. Kanisa linakusomea unawe uso, halafu dakika hiyohiyo linakupaka masizi. Aliwahi kumuuliza kasisi mmoja jambo hilo, akajibiwa kwa maneno marefu sana ambayo hakukumbuka hata moja.

Walipanga mstari. Akampaka kila mmoja kiganjani, akimkumbusha kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, na kila mmoja akakunja vidole na kurudi kitini. Mwisho alibaki yeye. Akachovya kidole gumba katika kikopo, akakiinua, na mbele yao wote akajichora msalaba kwenye paji la uso. Mstari wa kulala ukaenda mshazari.

Muuguzi mmoja kijana, aliyekuwa akifanya naye kazi, alisimama nusu. "Mama Msomaji," alisema kwa sauti ndogo, "ni kiganjani."

"Najua, mwanangu," alisema Mghoi. "Tusimame tuombe."

Ibada ilipokwisha hakuna aliyebaki kupiga soga. Walimpa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia walikuwa wameufumba, wakaondoka. Majivu yaliyobaki hayatupwi jalalani, huzikwa. Mghoi alikifunga kikopo, akakitia kwenye mkoba ili akayazike chini ya mwarobaini wa nyumbani, akafunga kanisa, akatoka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka lakini halijapungua ukali. Barabarani kila mtu alikuwa na haraka ya futari. Harufu ya sambusa ilitoka kila kona, na Mghoi, aliyekuwa amefunga tangu asubuhi, alimeza mate. Alijikaza kisabuni, akatembea katikati ya njia. Mara mbili mkono wake ulipanda wenyewe kuivuta leso ya kichwani ishuke usoni, na mara mbili akaurudisha chini. Dereva wa tuktuk alimtazama. Au alitazama mkoba wake? Vijana waliokaa ukutani walinyamaza alipopita, halafu wakaendelea. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, akawa anauambia kimoyomoyo, tulia, ni mwendo wa kawaida huu, umeutembea miaka.

Karibu na stendi ya magari ya Liboi, mji wa mpakani na Somalia, mahali pake pa siku zote, alikuwa Saado. Saado alisuka mikeka ya mkoma na kuuza maziwa ya ngamia, na ndiye aliyesuka misalaba ya kanisa kila mwaka. Mghoi alimpelekea mfano wa kwanza miaka mingi iliyopita, Saado akautazama, akasema ni kazi rahisi, akasuka. Hajawahi kuuliza ya nini. Mghoi alikuwa mteja wake na, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa na rafiki katika mji alioletwa na barua ya serikali, rafiki yake.

"Ramadan kariim, dada Saado," alisema Mghoi.

Saado aliinua macho. Hakujibu salamu. Alisimama, akachukua birika lake la maji ya udhu, akalowesha ncha ya mtandio wake wa njano, akamshika Mghoi kidevu kama mtu anavyomshika mtoto aliyekula embe, akamsugua paji la uso mpaka likauma. Alipomaliza hakukuwa na msalaba. Mtandio ulikuwa na doa jeusi.

Machozi yalimpanda Mghoi, ya hasira na ya aibu pamoja. Siku nzima ameikusanya roho yake kipande kwa kipande, na sasa imefutwa kwa ncha ya nguo.

"Saado," alisema, "hayo hayakuwa masizi."

"Mimi najua si masizi, abaayo." Abaayo kwa Kisomali ni dada, na Saado alilitamka taratibu. "Ile makuti ni yangu. Mimi nasuka, wewe unachoma. Unafikiri mimi sijui?"

"Umejuaje? Hukuniuliza hata siku moja."

Saado aliketi juu ya mkeka wake, akampisha nafasi. Mghoi aliketi.

"Kila mwaka iko siku moja wewe unabokea maziwa na mkono ya kushoto," alisema Saado, ambaye kila p kinywani mwake iligeuka b. "Siku zingine kulia. Siku hiyo moja, kushoto. Mwaka ya kwanza nilikasirika sana. Nilisema, huyu mama ananidharau, mimi si mtu mbele yake. Nilitaka kukwambia usikuje tena."

Mghoi aliufunika mdomo. Alijua, kama kila mtu wa mji huu anavyojua, kwamba kumpa au kumpokea mtu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Alilijua hilo vizuri, ila siku hiyo kila mwaka alikuwa na la kuficha, akalisahau.

"Halafu mwaka mwingine jug iliteleza," Saado aliendelea, "ukaishika na hii ya kulia. Nikaona nyeusi ndani ya mkono, inanuka makuti imechomwa. Umefunga haraka, haraka. Nikasema, aa, huyu hanidharau. Huyu anaogoba." Alinyoosha ukingo wa mkeka. "Basi nikanyamaza. Kama wewe unataka sione, mimi sioni."

"Na leo? Mbona leo umenifuta?"

"Leo basi ya Liboi iko na watu sijui." Saado alielekeza kidevu chake kule stendini, bila kuelekeza mkono. "Wa haba, mimi najua mama yao. Wale, sijui. Mimi nataka ufike nyumbani."

Hapo hasira ya Mghoi ilikosa pa kwenda. Alimweleza yote, kwa Kiswahili chepesi, bila mapambo: Mwadime na kiti chake, ile njia ya kurudi kimya, mwisho wa mwezi, Wundanyi. "Nilitaka mara moja tu," alisema. "Si kwa kushindana na mtu. Nimechoka kukunja mkono."

Wateja walianza kusimama mbele ya madebe yake ya maziwa. Hii ndiyo saa ya kuuza kuliko saa zote za siku. Saado alikuwa akilitazama doa la mtandio wake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza hatimaye.

"Ningekuambia nini?"

"Saado, kuja tutembee. Hiyo tu."

Katika miaka yote ile, hilo halikuwahi kumpitia Mghoi kichwani. Alikuwa amefikiria kuhama, kufunga kanisa, kupaka nyuma ya sikio, kupaka nywele. Kumwomba mtu amsindikize hakukufikiria. Alilia kidogo pale mkekani, mbele ya wanunuzi wa maziwa, akajifuta kwa leso.

Saado aliwaambia wateja jambo kwa Kisomali, wakanung'unika. Akafunika madebe kwa mkeka, akasimama, akakung'uta gauni. "Iko ingine?" aliuliza.

Mghoi alifungua mkoba, akatoa kikopo, akajipaka upya. Mstari wa kulala ukaenda mshazari tena. Saado aliugeuza uso, maana hayo hayakuwa yake, akangoja. Kisha akamshika mkono wa kulia, wakaondoka.

Walipita mbele ya basi. Wanaume walikuwa wameketi kivulini wakihesabu tasbihi na kutazama jua. Mmoja alitazama, akaona mtandio wa Saado na mkono wa Saado, akamsalimia Saado, akarudi kwa jua lake. Mghoi hakujiona mshindi. Alijua kwamba kuna siku, na kuna wanaume, ambapo mkono wa Saado usingetosha. Leo ulitosha.

Kwenye njia ya kuingilia Iftin polisi walikuwa wameweka kizuizi chao cha jioni. Askari aliyesimama hapo aliitwa Opande, Mjaluo wa Siaya, ambaye mama yake alikuwa Mwanglikana na nyanya yake pia. Mghoi alimfahamu. Krismasi moja alikaa kanisani kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka, na hakuonekana tena.

Opande ndiye aliyetazama. Katika njia yote ile, ndiye mtu wa pekee aliyemkodolea macho. Aliukaribia uso wa Mghoi na sauti yake ikawa ya chini.

"Mama Msomaji, futa hiyo kitu. Tafadhali. Unatuletea kazi hapa."

Kabla Mghoi hajajibu, Saado alishajibu. "Wacha yeye, bolisi. Hiyo ni yake. Mimi niko na yeye."

Opande alimtazama Saado, akautazama ule mkono ulioshikwa, akatazama nyuma kwa wenzake waliokuwa wanaongea kando ya gari. Alionekana mdogo ghafla ndani ya ile fulana nzito ya kuzuia risasi, na mchovu, mchovu wa aina ambayo Mghoi aliijua kwa jina.

"Leo ni Jumatano ya Majivu, si ndiyo?" alisema. "Nyumbani mama amenipigia simu asubuhi. Nikamwambia nimekwenda kanisa." Akautazama mkoba wa Mghoi. "Imebaki kidogo?"

Mghoi alikitoa kikopo. Opande aliuhamisha mkono wake wa kulia kutoka kwenye bunduki, akaunyoosha kiganja juu, karibu na tumbo, mahali ambapo wenzake wasingeona.

Mghoi alikitazama kile kiganja. Kilikuwa na jasho. Alimkumbuka Mwadime, akajua angesema nini. Akajua pia kwamba Mwadime hajawahi kusimama kwenye kizuizi hiki na magwanda haya. Hakumwambia avue kofia. Akachovya kidole gumba, akamchora msalaba pale kiganjani, akamwambia kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Kisha akamkunja vidole mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akaifumba ile ngumi kwa mikono yake yote miwili.

"Nenda na amani, mwanangu," alisema. "Ila mtu wa hapa akikupa kitu leo, hata kama ni tende moja, pokea kwa mkono wa kulia. Ufungue tu. Watauona, na hawatasema."

Opande hakuelewa. Saado alielewa. Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo, akaingiza mkono mfukoni mwa gauni ambamo alikuwa ameweka tende zake za kufuturia. Adhana ilipoanza kutoka msikitini alitoa tatu. Ya kwanza alimpa Mghoi, aliyeipokea kwa mkono wa kulia. Ya pili alimnyooshea askari, akangoja.

Opande aliitazama ile tende. Kisha, polepole, akaifungua ngumi.